THAMANI YA GARI HUSHUKA, BEI YA SPEA HAISHUKI

Mwenye kusimama kwenye njiapanda ya Makutano, pale barabara ya Musoma inapoiacha barabara kuu iendayo Sirari, hangoji sana kabla ya kupitwa na Mark X, Altezza au Subaru yenye tundu la hewa juu ya boneti. Wenye magari hayo si matajiri wa migodi wala wafanyabiashara wa mipakani peke yao. Wamo pia mwalimu wa sekondari wa Bunda, ofisa wa halmashauri ya Butiama, na mwalimu wa Kiriba anayekwenda Musoma mjini kila mwisho wa juma. Fedha zilizonunulia magari hayo ni za mkopo wa benki unaokatwa katika mshahara, au za chama cha akiba na mikopo, au ni kiinua mgongo cha miaka thelathini ya chaki.

Makala haya hayakusudii kumwambia mwalimu kwamba gari la mwendo kasi si saizi yake. Mtu aliyefanya kazi ya halali na kulipwa ujira wa halali ana haki ya kununua akipendacho, na kupenda chombo kilichotengenezwa kwa ustadi si dhambi. Lakini wanaouza magari hayo wamekuwa hodari mno wa kutangaza bei ya kununua, na kimya mno juu ya bei ya kulitunza. Kimya hicho ndicho kinachowaingiza watumishi wengi katika madeni, na tena kinawaweka hatarini wananchi ambao hawakununua gari lolote.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 gari binafsi lilikuwa adimu, spea zilikuwa adimu zaidi, na kulikuwa na kipindi ambapo kuendesha gari binafsi Jumapili alasiri kulipigwa marufuku ili kubana matumizi ya mafuta. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, mlango ulifunguka. Tangu hapo mtumba wa Japani umekuwa ndio gari la Mtanzania wa kawaida. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, mlango ulioleta Corolla ya kumpeleka mwalimu kazini ndio huo huo ulioleta gari lililotengenezwa kushindana.

Dhamana ilikwisha zamani

Hapana budi kwanza tuelewe maana ya dhamana. Gari jipya linapouzwa, kiwanda humwahidi mnunuzi kwamba kitu kikiharibika katika muda fulani pasipo kosa lake, kiwanda kitatengeneza kwa gharama zake. Huko Japani utaratibu uliozoeleka ni miaka 3 au kilomita 60,000 kwa gari kwa jumla, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa injini, gia boksi na viungo vingine vikuu, kutegemea kipi kitatangulia. Aidha, kila gari jipya dogo hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, ambao Wajapani huuita shaken, una gharama kubwa, na matengenezo yanayodaiwa na wakaguzi huongeza gharama hizo. Ndiyo maana Wajapani wengi huona heri kuliuza gari kuliko kulipeleka tena kwenye ukaguzi.

Kwa hiyo gari linapopakiwa melini kuja Dar es Salaam, mara nyingi dhamana imekwisha miaka mingi, na mwenyewe ameliachia pengine wakati ule ule linapoanza kudai gharama. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imeweka mpaka wa miaka 15. Kwetu hapakuwekwa mpaka wa namna hiyo, bali uchakavu hutozwa ushuru: kwa viwango vya mwaka wa fedha 2023/24, gari dogo la miaka 8 hadi 10 lilitozwa nyongeza ya asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Ushuru huo ni juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ushuru unaweza kumfanya mnunuzi alipe zaidi. Hauwezi kulifanya gari lizeeke kidogo zaidi.

Dhamana inapokwisha, hatari ya kuharibika haiishi pamoja nayo. Inahama tu. Ilikuwa juu ya kiwanda, sasa imekuwa juu ya mwenye gari. Anayenunua gari lisilo na dhamana amenunua vitu viwili kwa wakati mmoja: gari, na jukumu la kuwa mdhamini wake. Kitu cha kwanza amekilipia dukani. Kitu cha pili atakilipia barabarani, siku asiyoijua.

Gari la kasi lina njaa gani?

Watu husema kwamba injini ni injini na fundi ni fundi. Usemi huo una ukweli kwa Corolla. Kwa gari la mwendo kasi hauna. Tuchukue mfano. Mwaka 1989 viwanda vya Japani vilielewana visitangaze gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280, na mapatano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Katika miaka hiyo Subaru Impreza WRX STI ilitangazwa kuwa na farasi 280 kutokana na injini ya lita 2 tu. Corolla ya miaka hiyo yenye injini ya lita 1.5 ilikuwa na farasi wapatao 110. Nguvu hiyo ya ziada haikutoka mbinguni. Imetokana na kushindilia hewa nyingi zaidi ndani ya silinda kwa mashine iitwayo tabo, na kuchoma petroli nyingi zaidi katika nafasi ile ile ndogo, kwa joto kubwa zaidi.

Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hutegemea oili ile ile ya injini kwa kulainishwa na kupozwa. Oili ikichakaa au ikipungua, mhimili wake huungua kabla mwenye gari hajasikia mlio wowote. Oili ambayo katika gari la kawaida ingecheleweshwa mwezi mmoja bila madhara makubwa, katika gari hili ukicheleweshe hivyo umekwisha kuanza kuliua. Mwendo wa kilomita 5,000 kwa kila oili ni kanuni ya busara, na katika vumbi la barabara zetu za vijijini yafaa kichujio cha hewa kitazamwe mapema zaidi ya hapo.

Kisha uko mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni. Katika injini nyingi za Subaru za zamani na za Altezza mkanda huo hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Katika injini ya tabo ya Subaru, ukikatika, valvu hugongwa na pistoni, na kazi iliyokuwa ya mkanda mmoja huwa kazi ya kufumua injini nzima. Mark X hutumia mnyororo badala ya mkanda, lakini nayo ina sharti lake: petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, wala haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha. Masizi hujikusanya hapo mwaka hata mwaka, na injini huanza kutetemeka ikiwa imesimama. Katika BMW nyingi, vifaa vya plastiki vya mfumo wa kupoza maji hukauka na kupasuka kwa umri, hata kama gari halikutembea sana.

Liko pia suala la petroli yenyewe. Injini nyingi za tabo zilizouzwa Japani zilikusudiwa petroli ya daraja la juu ambayo haiwaki kabla ya wakati wake. Petroli ya daraja la chini huwaka mapema ndani ya injini ya namna hiyo na kuipiga pistoni kama nyundo. Kompyuta ya gari hujitahidi kuizuia hali hiyo kwa kupunguza nguvu, ikiwa sensa zake zingali nzima. Kabla ya kununua, fungua kifuniko cha tangi, umtafute mtu akusomee maandishi yaliyobandikwa hapo. Kisha ujiulize ni kituo gani kati ya Lamadi na Sirari kitakachokuuzia petroli hiyo.

Hesabu ambayo dalali haifanyi

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Gari lililouzwa likiwa jipya kwa bei kubwa, baada ya miaka kumi na mitano huweza kupatikana kwa bei ya gari dogo la kawaida. Mnunuzi hufurahi akadhani ameokota. Lakini kilichoshuka ni thamani ya gari. Bei ya tabo mpya haikushuka, wala bei ya shokomzoba zake, wala ya gia boksi yake, wala ya breki zake. Gari hununuliwa kwa bei ya mtumba na kutunzwa kwa bei ya tajiri aliyelinunua jipya. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nao hawakuwahi kuona BMW ya mkono wa nne.

Tuweke mfano wa mafuta peke yake. Tuseme mtumishi husafiri kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 880. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litatumia lita 59 hivi. Gari la injini kubwa linalokwenda kilomita 8 kwa lita litatumia lita 110. Tofauti ni lita 51 kwa mwezi, yaani zaidi ya lita 600 kwa mwaka. Msomaji azidishe mwenyewe kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, kisha alinganishe jibu lake na ada ya mtoto mmoja shuleni.

Ongeza matairi. Magari haya huvaa matairi mapana yenye ukuta mfupi juu ya rimu za inchi 17 au 18. Tairi la namna hiyo lilikusudiwa lami laini. Likipita kwenye changarawe na matuta ya barabara za Majita, ukuta mfupi haunyonyi pigo; pigo huenda kwenye rimu, kutoka rimu kwenda kwenye boli jointi na busha, na kutoka hapo mfukoni mwa mwenye gari. Na spea ikikosekana Musoma na Bunda, hutafutwa Mwanza. Ikikosekana Mwanza, huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, nayo huja kwa basi huku gari limepandishwa juu ya mawe. Katika siku hizo zote mkopo haulali. Hukatwa katika mshahara kama kawaida, gari liwe linatembea au liwe limekuwa kiota cha kuku.

Upo utaratibu wa kisheria unaotaka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Ni utaratibu mzuri, lakini wapo wanaouelewa kinyume: wakiambiwa wanaweza kukopa hadi kufikia theluthi, hudhani theluthi hiyo ni akiba. Theluthi hiyo ni chakula, ni kodi ya nyumba, ni dawa. Gia boksi ikifa, itatengenezwa kwa theluthi ipi?

Mnunuzi atazame nini?

Kwa kuwa makatazo matupu hayamsaidii mtu, yafaa tutaje mambo machache ambayo kila mwenye kutaka gari la namna hii ayafanye kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza, adai karatasi ya mnada wa Japani. Magari mengi hupita mnadani, na wakaguzi wa mnada huandika hali ya gari kwa alama. Herufi R au RA katika nafasi ya daraja huonyesha gari lililopata kutengenezwa baada ya ajali au kuguswa katika kiunzi chake. XX juu ya mlango au bampa huonyesha kwamba kimekwisha badilishwa. Hati ya Kijapani ya kuruhusu gari lisafirishwe nje nayo huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Kama mita ya dashibodi inaonyesha kilomita chache kuliko hati, hapo pana mwizi, na mnunuzi asibishane naye, aondoke.

Pili, aliwashe gari asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyeliwasha kabla ya mnunuzi kufika ana sababu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Funguo inapozungushwa, taa ya injini lazima iwake kwanza, kisha izimike injini inapokuwa hai. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeificha, na mficha maradhi kilio kitamuumbua, ila hapa kilio kitakuwa cha mnunuzi.

Tatu, amlipe fundi ambaye si rafiki wa muuzaji, mwenye kipimo cha kompyuta, alikague gari likiwa juu. Ujira wa fundi huyo ni mdogo kuliko bei ya tairi moja. Nne, asome tarakimu nne za mwisho katika namba ya tairi: 2314 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Tairi lenye maua mazuri na umri wa miaka kumi ni mtego, kwani mpira huzeeka hata ukikaa. Tano, ahakikishe kwamba jina lililo katika kadi ya gari ni la huyo anayeuza, na kwamba gari halina deni la faini za barabarani.

Wengi hudhani kwamba mtumba hauna haki. Si kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humtaka anayeuza bidhaa kama biashara yake auze kitu kinachofaa kuuzwa kwa jina lile, ijapokuwa haimkingi mnunuzi kwa kasoro ambayo angeiona katika ukaguzi alioufanya. Kwa hiyo mnunuzi apate maandishi: gari gani, kilomita ngapi, kasoro zipi zimetajwa, na nani amesema. Ahadi ya mdomo haina ushahidi. Wala asijidanganye na bima. Bima kubwa hulipa ajali, moto na wizi. Hailipi tabo iliyokufa kwa uzee.

Mdhamini ni wewe

Baada ya hayo yote, shauri lenyewe ni fupi. Mwenye shilingi milioni 15 asitafute gari la milioni 15. Atafute la milioni 11, na milioni 4 ziwe ndizo dhamana yake. Katika hizo, juma la kwanza abadilishe oili zote, za injini, za gia boksi na za difu. Abadilishe mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji kama hana uthibitisho kwamba ni mpya. Abadilishe plagi, maji ya rejeta na mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na yafaa kubadilishwa kila baada ya miaka 2. Kilichobaki kikae benki, na kila mwezi kiongezwe. Asiyeweza kutenga fungu hilo hana uwezo wa gari hilo, hata kama ana uwezo wa kulinunua. Huyo atafute gari dogo lenye spea katika kila mtaa, alale usingizi.

Vyama vya akiba na mikopo vya walimu navyo vina wajibu. Chama kinachotoa mkopo wa gari bila kudai ripoti ya ukaguzi kinacheza na fedha za wanachama wote. Kisitoe fedha kabla fundi huru hajaliangalia gari. Chuo cha VETA kilichopo Musoma kiwape vijana wa gereji zetu masomo ya jioni ya kupima injini kwa kompyuta, maana fundi hodari wa Land Rover ya zamani hatakiwi kuachwa abahatishe sensa za Mark X kwa kubadilisha moja baada ya nyingine kwa fedha za mteja.

Na liko jambo kubwa kuliko fedha. Barabara ya kutoka Bunda hadi Makutano haipiti porini tu. Inapita kando ya shule, minada ya ng'ombe, visima na vituo vya bodaboda. Katika maeneo ya makazi mwendo wa kisheria ni kilomita 50 kwa saa, na gari linaloweza kufikia kilomita 180 halina haki zaidi ya baiskeli mbele ya mtoto anayevuka kwenda darasani. Mwenye gari akishindwa kununua oili, hasara ni yake. Akishindwa kununua padi za breki na matairi, hasara aweza kuibeba mtoto wa mtu mwingine, labda mwanafunzi wake mwenyewe.

Kwa hiyo mtu asipime uwezo wake kwa fedha alizonazo siku ya kununua. Aupime kwa fedha zitakazobaki siku inayofuata, na kwa breki atakazokuwa nazo mwaka wa tatu.